Karanga Zilikuwa Mikononi Mwangu

Mwaka 2014 nilikuwa nauza karanga za kusaga na unga wa uji Uyole, Mbeya, si mbali na njia panda ya kwenda Tukuyu. Magunia yalikuwa yanakuja kutoka upande wa Songwe. Nachambua, nakaanga kwenye kikaango kikubwa juu ya mkaa, zikipoa nazifikicha kwa viganja mpaka maganda yaachie, halafu napepeta kwa ungo. Aliyewahi kuifanya kazi hii anayajua yale maganda mekundu, mepesi kuliko karatasi. Yanaruka hata siku isiyo na upepo. Yanaingia kwenye nywele, shingoni, kwenye mikunjo ya khanga. Kisha karanga zinaingia mashineni, linatoka rojo zito lenye mafuta, nalijaza kwenye vikopo. Mikono yangu ilinukia karanga Jumatatu mpaka Jumamosi, na Jumapili kanisani bado inanukia.

Ipyana, mwanangu wa kwanza, alizaliwa Juni mwaka huo. Anayekaa Uyole anaijua Juni yetu, baridi ile inayopasua midomo ya watu wazima. Arobaini ilipokwisha nilirudi kazini naye akiwa mgongoni, shavu lake limelalia khanga ileile. Alipofika miezi mitatu mashavu yakaanza kuwa mekundu, yakakauka, yakapasuka. Ukurutu ukashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku alijikuna mpaka shuka inapata madoa ya damu. Jirani mmoja akasema ni mchango. Mwingine akasema maziwa yangu yana matatizo. Kliniki wakaniambia ni pumu ya ngozi, wakanipa krimu ya kupaka na onyo moja: mtoto wa namna hii asipewe mayai, karanga, samaki wala maziwa ya ng'ombe mpaka afikishe miaka miwili.

Kliniki siitaji, wala aliyenieleza. Alikuwa mama mwema, alinishika bega wakati ananiambia, na alikuwa anarudia kile alichofundishwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba mwaka 2000 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri watoto wenye asili ya mzio, yaani aleji, wacheleweshewe vyakula: maziwa ya ng'ombe mpaka mwaka 1, mayai mpaka miaka 2, karanga na samaki mpaka miaka 3. Mwaka 2008 chama kilekile kikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kuchelewesha kunamlinda mtoto. Ipyana alizaliwa miaka sita baada ya kauli hiyo ya pili, lakini kwetu ilikuwa bado haijafika. Ya kwanza ilikuwa imefika zamani na imekaa.

Nikatii. Nilitii kuliko hata nilivyoagizwa. Alipotimiza miezi sita nilimwanzishia uji mweupe wa sembe, viazi mviringo, ndizi, parachichi, mchuzi wa mboga usio na kitu. Yai lilipikwa nyumbani kwetu kwa ajili ya baba yake tu. Kijiko kilichogusa siagi ya karanga hakikugusa sahani ya mtoto. Nilijiona mama makini, na watu waliniambia hivyo.

Jumapili moja ya Agosti 2015 mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu na mkungu wa ndizi na fungu la majani ya maboga. Akaingia jikoni kama kawaida yake, akayachambua majani, akayaunga kwa karanga zangu mwenyewe kutoka kwenye kopo langu mwenyewe. Mimi nilikuwa nje naanua nguo. Ipyana alikuwa na miezi kumi na minne, amekaa miguuni pa bibi yake, anafuata kila tonge kwa macho. Bibi gani atakula huku mjukuu anamtazama hivyo? Alimpa kitonge kidogo, ncha ya kidole.

Niliporudi ndani na nguo mkononi, mdomo wa juu wa mwanangu ulikuwa umeshavimba. Vipele vikubwa, vyeupe katikati na vyekundu pembeni, vilikuwa vinatoka shingoni kama ameangukia kwenye siafu. Akatapika. Halafu nikaisikia ile sauti ambayo hadi leo nikiisikia kwa mtoto yeyote natafuta mlango: kila akivuta pumzi, kifua kinapiga filimbi. Bajaji ilituchukua dakika saba mpaka zahanati. Muuguzi wa zamu hakuniuliza kadi. Alimtazama, akasema, "Mama, shika mguu wake," akamchoma sindano ya adrenalini pajani, kwa nje. Ndani ya dakika chache rangi ikaanza kurudi kwenye midomo. Tulibaki pale mpaka usiku kwa sababu, alivyosema, hali hiyo inaweza kutulia ikarudi tena baada ya saa kadhaa.

Yule muuguzi namkumbuka kwenye sala zangu. Nimekuja kujifunza kwamba kwa hali ya namna ile adrenalini ndiyo dawa yenyewe, na kwamba dawa za aleji za kunywa zinatuliza muwasho lakini hazifungui koo wala hazipandishi presha iliyoshuka. Kuna watoto wamepotea wakati mzazi anasubiri dawa ya maji ifanye kazi.

Tuliporudi nyumbani nilimkuta mama mkwe amekaa gizani, hajawasha taa. Nikamwambia, "Mama, umemlisha mwanangu sumu." Hakujibu. Asubuhi aliondoka na kosta ya kwanza bila kunywa chai, na hakulala tena nyumbani kwangu kwa karibu miaka mitatu. Mume wangu alijaribu kuzungumza nami, nikawa sisikii. Nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na kumlaumu yeye kulinipunguzia hofu.

Nikazidi kukaza. Mashine niliihamishia sokoni, hilo lilikuwa sahihi. Lakini pia nilimfutia Ipyana maharage na soya, maana niliambiwa ni ndugu wa karanga. Mayai yalikuwa marufuku, maziwa marufuku, dagaa marufuku. Kwenye kadi yake mstari wa uzito ulikuwa umelala kama barabara ya Usangu. Kila mwezi walinionyesha, kila mwezi nikasema, "Ana aleji," nao wakanyamaza. Neno hilo lilikuwa limefunga kila mdomo, ukiwemo wa mwanangu.

Na sikukaa nalo peke yangu. Mimi ni mtu wa Ifunda, Iringa. Mdogo wangu alijifungua binti mwaka 2015, miezi michache baada ya lile tukio, na kila tulipopigiana simu nilimsimulia ile jioni ya bajaji. Sikumwambia amkataze mwanawe kitu. Sikuhitaji kumwambia. Yule mtoto hakuwa na ukurutu, hakuwa na chochote, alikuwa na vipele vya joto tu kama watoto wote wanaofunikwa mablanketi matatu. Mdogo wangu akaanza kufuta: karanga, kisha mayai, kisha maziwa. Nilipokwenda Ifunda katikati ya mwaka 2017 kwenye msiba wa baba mdogo, nilimkuta mtoto wa karibu miaka miwili mwenye urefu wa mtoto wa mwaka mmoja, amekaa kwenye mkeka anakula ugali na majani matupu, na mbele yake kuku wanne wanachakura. Mayai ya kuku hao yalikuwa kwenye kikapu mlangoni, yanasubiri kupelekwa barabarani kuuzwa. Nilimuuliza mdogo wangu mbona mtoto hapewi hata moja. Akanitazama kwa mshangao. "Dada, si wewe uliyeniambia habari za Ipyana?"

Nimeufikiria mkoa wangu sana baada ya siku hiyo. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 56.9 ya watoto chini ya miaka mitano Iringa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ni asilimia 30. Njombe ni asilimia 50.4. Ni mikoa yenye mahindi, maharage, viazi, maparachichi ya kupeleka Ulaya, ng'ombe wa maziwa. Sababu ni nyingi na si hofu ya mzio peke yake: akina mama wanashinda shambani, mtoto anaachiwa uji wa asubuhi unaoliwa mpaka mchana, mayai na maziwa ni fedha ya sabuni na ada. Lakini mtoto mmoja katika hao waliodumaa najua aliyesaidia kumdumaza.

Mwaka 2018 tulipata nauli na rafiki wa mume wangu akatupokea Dar es Salaam, tukampeleka Ipyana kwa daktari bingwa anayeshughulika na mzio. Alikuwa na miaka minne kasoro. Kipimo chenyewe hakitishi: matone madogo yanapangwa juu ya mkono wa mtoto, kila tone la chakula chake, ngozi inachomwa kidogo juu ya kila tone, mnasubiri dakika kumi na tano. Mtoto analia kwa sababu anazuiwa kujikuna, si kwa maumivu. Tone la karanga lilivimba uvimbe wa milimita tisa. Yai, hakuna. Maziwa, hakuna. Samaki, soya, hakuna. Nikayatazama yale matone makavu yaliyolala kwenye ngozi bila kufanya chochote na nikahesabu miaka.

Daktari alisema maharage alikuwa angeweza kula muda wote, kwani wengi wenye mzio wa karanga hawasumbuliwi na maharage hata kama mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Alisema jambo ambalo nimewaambia wanawake wengi tangu siku ile: ukikutwa na mzio wa chakula kimoja, kataza hicho kimoja. Vingine mwache mtoto ale, na ukisita, pima.

Kisha akageuza fomu yetu, akachora nyuma yake mtoto mwenye milango miwili. Mlango mmoja tumboni, mmoja kwenye ngozi. Chakula kikipita mlango wa tumbo mapema na mara kwa mara, alieleza, kinga ya mwili inakizoea na kukitambua kama chakula. Lakini ngozi iliyochubuka kwa ukurutu ni mlango uliovunjika. Punje za chakula zinazoelea nyumbani, kwenye vumbi, kwenye mikono ya wazazi, zinapenya hapo, na kinga inayokutana nazo kwa mara ya kwanza kwenye jeraha inazichukulia kama adui. Siku chakula hicho kitakapokuja mdomoni, jeshi limeshajipanga.

Akaniuliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

Nikamwambia.

"Na mtoto alipokuwa na hayo mashavu, ulikuwa unafanya kazi hiyo?"

Niliitazama mikono yangu juu ya meza yake. Kwenye kingo za kucha rangi ile ya maganda haitoki kabisa, imeshakuwa yangu. Kwa mikono hii nilimpaka krimu kila usiku kwenye ngozi iliyopasuka. Nilifunga karanga zisipite mdomoni mwake miezi kumi na minne, na muda wote huo nilikuwa nazipaka shavuni.

Daktari hakuniacha nizame. Alisema kwa mtoto mmoja mmoja hakuna anayeweza kuapa kwamba sababu ni hii na si nyingine. Kuna damu ya ukoo, kuna ukali wa ukurutu wenyewe. Ila akanisimulia mambo mawili ambayo sijayasahau. La kwanza, watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Profesa Gideon Lack mwaka 2003 waliandika kwamba mzio wa karanga ulionekana zaidi kwa watoto waliowahi kupakwa mafuta yenye karanga kwenye ngozi iliyowaka vipele. La pili, watu haohao mwaka 2008 waliwalinganisha watoto wa Kiyahudi wanaokaa Uingereza na wanaokaa Israeli. Wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga karibu mara kumi ya wenzao. Israeli watoto hupewa vitafunwa vya karanga kabla ya kutimiza mwaka. Uingereza walikuwa wanazuiwa, kama nilivyomzuia Ipyana.

Wakaona wajaribu. Wakachukua watoto 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai, wenye umri wa kati ya miezi 4 na 11, wakawagawa. Nusu walilishwa karanga zilizolainishwa kila wiki, mara tatu au zaidi, nusu waliepushwa kabisa, mpaka wote walipofika miaka mitano. Katika walioepushwa, asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga. Katika waliolishwa, asilimia 3.2. Mwaka 2024 walitoa matokeo ya watoto walewale wakiwa wamefika ujanani, na kinga ile ilikuwa bado ipo, hata kwa walioacha kuzila mara kwa mara.

Matokeo ya kwanza yalitangazwa Februari 2015. Ipyana alikuwa na miezi minane.

Nilipotoka pale tulilala Dar siku mbili, siku ya tatu basi la Mbeya. Sikwenda nyumbani. Nilishuka Uyole na begi, nikapanda kosta ya Tukuyu, nikamkuta mama mkwe shambani kwake amekaa chini ya mgomba anamenya ndizi. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Chalinze, yote yakapotea. Nilipiga magoti nikamwambia, "Mama, si wewe. Karanga nilimpa mimi, kwa mikono, tangu akiwa mchanga." Nikamweleza milango miwili vilevile nilivyoelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kumenya. Kisha akasema, "Mama Ipyana, inuka, utachafua nguo ya safari." Baadaye, jioni, ndipo aliponiambia kwamba watoto wake wote saba walionja karanga zilizosagwa kwenye uji kabla hawajatambaa, na kwamba tangu siku ile hajawahi kuunga tena mboga kwa karanga hata akiwa peke yake.

Sitaki mtu aelewe kwamba bibi zetu walijua kila kitu. Mama mkwe huyohuyo aliwapa watoto uji wakiwa na miezi mitatu, na katika hilo sikubaliani naye. Uingereza mtoto mwenye ukurutu mkali anaweza kuanzishiwa karanga kuanzia miezi minne, lakini kwetu, kwa maji tuliyonayo na magonjwa ya kuhara tunayoyajua, miezi sita ya maziwa ya mama pekee ibaki pale ilipo, na ndivyo daktari alivyoniambia. Jambo ni kwamba ikifika miezi sita usianze kuhesabu tena mpaka miaka miwili. Yai, karanga laini, samaki, maharage, maziwa ya mtindi kidogo, viingie katika miezi ileile ya mwanzo ya chakula, na mama aendelee kunyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi.

Atupele alizaliwa Machi 2019. Wiki ya nane niliiona ile dalili shavuni, ukavu wenye mduara mwekundu, na magoti yakanilegea. Safari hii sikungoja. Ngozi tuliitibu kila siku: kuoga kwa muda mfupi, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na kabla ngozi haijakauka kabisa mafuta ya mgando mwili mzima, na krimu ya daktari mahali palipowaka. (Kwa mtoto ambaye ngozi yake ni nzima, kumpaka mafuta hakumkingi na mzio wa chakula. Ninayesema hapa ni mtoto ambaye ngozi imeshachubuka.) Nilikuwa naacha nguo za kazi sokoni. Mikono kwa maji na sabuni mpaka kwenye viwiko kabla sijamgusa, maana vile vitakasa mikono vya kumimina haviondoi karanga, vinazisambaza tu.

Kwa sababu ya ukurutu na ya kaka yake, daktari hakutaka nianze nyumbani. Alipimwa kwanza, akaonekana safi, na alipotimiza miezi sita tukaambiwa tumlishie hospitalini Mbeya, kwenye benchi la nje ya chumba cha watoto. Nilikuja na siagi laini ya karanga kwenye kikopo cha filamu ya zamani, karanga nilizozichambua punje moja moja usiku uliotangulia. Nikachukua ncha ya kijiko, nikaichanganya na maziwa yangu niliyokamua kwenye kikombe mpaka ikawa nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kijiko kilikuwa kinagonga kikombe kwa jinsi mkono unavyotetemeka. Muuguzi alikaa kando yetu. Atupele akaonja, akakunja uso, akalamba mdomo wa juu, akapanua mdomo atake tena. Tukangoja dakika kumi. Tukampa kidogo zaidi. Tukakaa saa mbili pale, mimi nafunua nguo kila baada ya dakika natazama kifua chake, mpaka muuguzi akanicheka kwa upole. Hakukuwa na kitu.

Kinachosahaulika na wengi ni siku ya pili na wiki ya pili. Kuonja mara moja ukaacha hakusaidii. Tuliendelea na karanga mara tatu kwa wiki, na yai la kuchemsha likaiva kabisa, likapondwa, nusu, kisha zima. Kila chakula kipya kilikuja peke yake, asubuhi, siku ambayo mtoto hana homa, ili kama kuna vipele nijue vimetoka wapi. Hapo ndipo nilipoacha kuuza ule unga wa lishe wa mchanganyiko wa vitu saba niliokuwa najivunia. Mahindi, ulezi, mtama, ngano, soya, karanga, dagaa, vyote kwenye mfuko mmoja: mtoto akidhurika, utamkamata nani? Na karanga zikisagwa pamoja na unga zinachacha haraka. Sasa nauza ulezi wake, na karanga zake, mama anachanganya mwenyewe kwenye sufuria.

Na karanga zenyewe nazisemea kama mtu wa kazi. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi, zilizo chungu, tupa, usiwape hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiuawi kwa kukaanga, na mwaka 2016 ilipoteza watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Na punje nzima ya karanga haipaswi kuingia mdomoni mwa mtoto wa chini ya miaka mitano, maana inakwama kooni. Isagwe, ilainishwe.

Mdogo wangu nilimrudia Ifunda. Nilikaa wiki nzima, nikapika mayai kwa mikono yangu na kumlisha binti yake mbele yake. Kwa mtoto yule, asiye na ukurutu wala historia, hakukuhitajika kipimo wala hospitali. Alikula yai kama aliyekuwa analisubiri. Uzito ulipanda. Kimo hakikurudi chote, na hatarudishiwa.

Ipyana yuko darasa la tano. Mzio wa mayai na wa maziwa watoto wengi hupona wakikua, lakini wa karanga ni karibu mmoja kati ya watano tu anayepona, na yeye bado hajawa miongoni mwao. Barua ya daktari iko kwenye begi lake. Anajua kukataa kashata, anajua kuuliza mboga imeungwa na nini hata kwa watu wazima, anauliza bila kuona haya. Mayai anakula matatu kwa mkupuo, kama analipiza.

Krismasi iliyopita tulikuwa Tukuyu wote. Bibi alipika majani ya maboga. Kulikuwa na sufuria mbili mafigani, na moja ilikuwa na kitambaa chekundu kimefungwa kwenye mkono wake, na upawa wake wenyewe umelazwa juu ya mfuniko. Atupele alipeleka mkono kwenye ile yenye kitambaa. Bibi akauzuia polepole, akamsogezea ile nyingine, yenye karanga.

"Hiyo ya kaka," akamwambia. "Yako hii, mama. Kula."